Udi, Kwinini na Merikani: Duka na Dawa Katika Mji wa Unguja Enzi za Ukoloni

Historia ya tiba katika Mji wa Unguja chini ya himaya ya Waingereza, iliyoanza mwaka 1890 na kumalizika tarehe 10 Desemba 1963, kwa kawaida huandikwa kwa kufuata hospitali, madaktari wa serikali na wamisionari, ilhali wakazi wengi wa mji huo walipougua hawakuanzia huko, bali walianzia dukani. Duka lile lile lililouza mchele, samli na vitambaa ndilo lililouza subili ya kusafishia tumbo, karafuu ya kutuliza jino, udi wa kufukizia chumba cha mgonjwa na, kadiri miaka ilivyosonga, vidonge vya kwinini pamoja na chupa zilizobandikwa maandishi ya Kiingereza. Wakoloni walipoingia waliikuta biashara ya dawa iliyokwisha kukomaa, yenye wauzaji wake, vipimo vyake na elimu yake, na kwa muda mrefu hospitali zao ziliishi pembeni ya biashara hiyo badala ya kuchukua nafasi yake.

Kiswahili chenyewe kinashuhudia jinsi mpaka baina ya bidhaa na dawa ulivyokuwa mwembamba. Neno dawa, lililotoka katika Kiarabu, halikubaki na maana ya kitu cha kuponya mwili peke yake, kwa kuwa Waswahili husema pia dawa ya viatu, dawa ya meno, dawa ya mbu na dawa ya kunguni. Kwao dawa ni kitu chochote kinachoirudisha hali iliyoharibika mahali pake au kinachozuia isiharibike. Lugha za wafanyabiashara zilikuwa na mtazamo unaokaribiana na huo. Katika masoko ya Kiarabu muuzaji wa mitishamba na viungo huitwa attar, jina linalotokana na neno la manukato, na katika Kigujarati neno gandhi lina maana ya muuza manukato, vyakula na dawa, nalo ndilo lililokuwa jina la ukoo wa Mohandas Gandhi, ambaye mwaka 1893 alipita Unguja akiwa safarini kwenda Afrika Kusini. Kazi moja yenye majina mawili, ya pande mbili za Bahari ya Hindi, ilikutana katika vichochoro vya mji mmoja.

Shehena za kaskazi

Bidhaa za Unguja zilifuata majira ya upepo kabla ya kufuata ratiba za meli za moshi. Upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ulileta majahazi kutoka Oman, Ghuba, Hadhramaut, pwani ya Somalia na bandari za Kachi na Gujarati, na upepo wa kusi uliyarudisha kwao yakiwa yamesheheni karafuu, nazi na boriti za mikoko. Tende na papa mkavu vilitoka Uarabuni, samli na ubani vilitoka pwani ya Somalia, mazulia na maji ya waridi vilitoka Uajemi, na mchele, viungo, vyombo vya shaba na nguo vilitoka India. Kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869, na kuanza kwa meli za barua kutoka Aden katika miaka ya 1870, kuliongeza bidhaa za Ulaya, lakini majahazi hayakukoma, na hadi miaka ya mwisho ya ukoloni msimu wa kaskazi uliendelea kuujaza mji wageni na harufu ya papa.

Wauzaji walitofautiana kwa asili na kwa kiwango cha biashara. Mabanyani, yaani Wahindi wa dini ya Kihindu waliotoka hasa Kachi, walikuwa na sifa ya kukopesha na kusimamia ushuru wa forodha tangu wakati wa Sultani Seyyid Said. Makhoja na Mabohora, ambao ni Waislamu wa madhehebu ya Shia wenye asili ya Kigujarati, walishika sehemu kubwa ya biashara ya jumla na ya rejareja. Wagoa walikuwa mafundi cherehani, waokaji na wapiga picha. Washihiri kutoka Hadhramaut waliuza kahawa na kubeba mizigo. Na Wamanga, jina walilopewa Waarabu wa Oman waliokuja bila mali nyingi, walifungua vijiduka hadi ndani ya mashamba. Kwa mnunuzi wa kawaida tofauti hizo zilikuwa na maana, kwa sababu zilimjulisha aende kwa nani akihitaji misumari, kwa nani akihitaji kitambaa, na kwa nani akihitaji kitu cha kumkanda mtoto mwenye homa.

Bidhaa iliyoupa mji huo sura yake katika karne ya 19 ilikuwa kitambaa. Mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani uliwafungulia mlango wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, ambao walileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa imara kuliko vingine, na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi, ambayo ni utomvu mgumu wa miti uliotumika kutengenezea vanishi. Kitambaa hicho kikaitwa merikani, na jina likabaki hata baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861, kuidhoofisha biashara hiyo na kuwapa nafasi watengenezaji wa Manchester na Bombay. Merikani iliuzwa kwa jora, yaani mtumba wa kitambaa wenye urefu wa takriban yadi 30, au ikakatwa kwa doti na kwa shuka. Iliyotiwa rangi ya nili ikawa kaniki, nguo ya kazi na ya watu wa hali ya chini, na nyingine nyembamba nyeupe, iitwayo bafta, ilitumika kwa kanzu na kwa sanda.

Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, wanawake waliokuwa wamefungwa na merikani na kaniki kama alama za hali yao walizikimbilia kanga, zilizokuwa zimeanza kuonekana pwani kabla kidogo ya hapo. Ni vigumu kutaja bidhaa nyingine ya dukani iliyobeba uzito wa kijamii kama huo. Kanga zilichapwa Uholanzi, Uingereza, India na baadaye Japani, lakini michoro na majina yake, kwa maana ya maneno yanayoandikwa juu ya pindo, yaliagizwa na wafanyabiashara wa pwani waliojua wateja wao wanataka kusema nini. Mwanzoni majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha zikaingia za Kilatini, na katika Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, lilijulikana kiasi kwamba alama yake ya mali ya Abdulla ikawa kipimo cha ubora.

Bidhaa nyingine ilileta faida kupitia chombo chake kuliko kilichomo. Mafuta ya taa yalifika katika makopo ya bati ya mraba yenye ujazo wa galoni 4, takriban lita 18, mawili katika kila kasha la mbao. Mafuta yalipokwisha, bati lilibaki na kuitwa debe, likatumika kuchotea maji, kupimia nafaka na karafuu, kuezekea vibanda vya Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na kupikia sabuni, hata likawa kipimo cha sokoni kinachotumika Afrika Mashariki hadi leo.

Sanduku la viungo

Ili kuelewa rafu ya dawa katika duka la Unguja ni lazima kuelewa nadharia iliyokuwa nyuma yake. Tiba ya Kiarabu, iliyorithi maarifa ya Wayunani na kukuzwa na mabingwa kama Ibn Sina, iliuona mwili kuwa na majimaji manne ambayo yakilingana huleta afya na yakizidiana huleta maradhi: damu, balghamu, safura na sauda. Waswahili waliyapokea majina hayo pamoja na wazo lake, na baadhi yake yamebaki katika lugha baada ya nadharia yenyewe kusahaulika, kwani leo balghamu ni makohozi tu, na safura, ambayo asili yake ni nyongo ya manjano, imekuwa jina la ugonjwa wa kupungukiwa damu unaoletwa na minyoo. Kwa kufuata nadharia hiyo kila chakula na kila kiungo kilikuwa na tabia ya joto au baridi, na kazi ya mtibabu, au ya bibi mwenye uzoefu nyumbani, ilikuwa kupoza kilichopata moto na kupasha kilichopoa. Ndiyo sababu mzazi aliyetoka kujifungua, ambaye mwili wake ulihesabiwa kuwa umepoa kwa kutoka damu, alipewa uji wa pilipili manga na vyakula vyenye tangawizi na mdalasini. Na ndiyo sababu muuza viungo hakuweza kutengwa na muuza dawa, kwa kuwa viungo ndivyo vilivyokuwa dawa.

Ndani ya masanduku, makopo na mitungi ya muuzaji mwenye ujuzi mlikuwa na vitu vya asili za mbali sana. Subili, utomvu mchungu uliokaushwa wa mshubiri, ulisifika zaidi ukitoka kisiwa cha Socotra, na ulitumika kuharisha, kupaka penye uvimbe na, kwa kazi inayokumbukwa na vizazi vingi vya akina mama, kupakwa kwenye chuchu mtoto anapoachishwa ziwa. Sanamaki, majani makavu ambayo jina lake linayahusisha na Makka, yalikuwa haluli, yaani dawa ya kuendesha tumbo, pamoja na mafuta ya mbarika yaliyokamuliwa humu humu nchini. Mvuje, utomvu wenye harufu kali unaotoka katika mimea ya Uajemi na Afghanistan, uliwekwa kidogo sana katika chakula na Wahindi ili kuzuia tumbo kujaa, lakini Waswahili waliufunga ndani ya kitambaa na kumvika mtoto mchanga, wakiamini harufu yake huwafukuza mashetani. Bidhaa hiyo moja ilivuka kaunta ikiwa kiungo cha mchuzi kwa mteja mmoja na kinga ya mtoto kwa mteja aliyefuata, na muuzaji alipaswa kujua matumizi yote mawili.

Habasoda, mbegu ndogo nyeusi, ilipata heshima ya pekee kutokana na kutajwa katika hadithi za Mtume. Uwatu ulichemshwa kwa ajili ya tumbo na kuongeza maziwa ya mama, na shibiti ilichemshwa kwa ajili ya watoto wachanga wenye msokoto wa tumbo. Karafuu, zao lililokuwa limeifanya Unguja kuwa tajiri tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, ilisagwa na kubanwa kwenye jino lililooza, na tiba hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa mafuta yake yana kemikali iitwayo eujenoli inayotia ganzi, ambayo madaktari wa meno wa Ulaya nao waliitumia na wanaendelea kuitumia wakiichanganya na oksidi ya zinki. Karafuu maiti haikuwa karafuu kabisa, bali ni kafuri iliyotoka Mashariki ya Mbali, ikapewa jina hilo kwa sababu hutumika kumwosha na kumpaka maiti, ingawa walio hai pia waliitumia kwa mafua na kwa kulinda nguo zisiliwe na wadudu.

Upande wa madini ulikuwa na hatari zaidi, na hapa haifai kuisifu rafu hiyo bila kuitazama. Shabu, madini meupe kama barafu, ilisafisha maji yaliyochafuka na kukausha majeraha madogo bila madhara makubwa. Mrututu, chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, ulichoma nyama iliyooza katika vidonda sugu na kwa kipimo kidogo ulisaidia, lakini ukinywewa ni sumu. Wanja uliotengenezwa kwa madini ya risasi ulipakwa machoni mwa watoto wachanga kwa nia njema kabisa, na madhara ya risasi hayakuweza kuonekana kwa macho. Muuzaji mzuri alijua tofauti hizo, muuzaji mwenye haraka hakujua, na mnunuzi hakuwa na njia ya kuwatofautisha isipokuwa sifa zao mtaani.

Palikuwa pia na orodha ndefu ya vitu vya harufu, ambavyo msomaji wa leo angeviweka katika fungu la vipodozi: udi wa India na nchi za mashariki zaidi, ubani, uvumba, maji ya waridi, zafarani, liwa, dalia na hina. Vitu hivyo vilikuwa vya harusi, lakini vilikuwa pia vya wagonjwa. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyehamia Ujerumani na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, aliandika kuhusu maradhi na tiba katika majumba aliyokulia, na tiba moja iliyoenea tangu majumba hayo hadi vibanda vya Ng'ambo ilikuwa kombe: mwalimu aliandika aya za Kurani juu ya sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, akaziosha kwa maji au kwa maji ya waridi, na mgonjwa akanywa. Imani ilikuwa katika maneno, lakini zafarani na maji ya waridi vilinunuliwa dukani. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa waganga wa pepo, ambao kila pepo kwao alikuwa na kabila lake, rangi yake ya nguo na harufu yake, hivyo kwamba familia iliyotaka kumtuliza pepo wa mgonjwa ilitumwa kutafuta kaniki, bafta au kitambaa chekundu, udi wa aina fulani na marashi ya aina fulani. Mfanyabiashara wa Kibohora au wa Kibanyani hakuhitaji kuiamini ngoma ya pepo ili ajue ni bidhaa gani iwekwe tayari.

Chupa kutoka Ulaya

Dawa za viwandani zilizoanza kuingia kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19 zilifika zikiwa na mvuto wa maabara, kizibo na karatasi ya maelekezo, na pengine ndiyo maana watu wengi, Waafrika kwa Wazungu, waliziona kuwa za jamii nyingine kabisa na zile za kwenye masanduku ya viungo. Ukizichunguza, tofauti haikuwa kubwa kama ilivyodaiwa. Vidonge vya Beecham, vilivyosambazwa katika himaya yote ya Uingereza kama tiba ya karibu kila kitu, vilichunguzwa na Chama cha Madaktari cha Uingereza, kilichotoa matokeo mwaka 1909: ndani yake mlikuwa na subili, tangawizi na sabuni, na kasha la vidonge 56 lililouzwa kwa zaidi ya shilingi moja ya Kiingereza lilikuwa na viungo vya thamani isiyofika hata robo ya peni. Dawa ya kutuliza tumbo la watoto iliyouzwa kwa jina la Woodward, iliyobuniwa Uingereza katikati ya karne ya 19, ilitegemea mafuta ya shibiti, na kwa miaka mingi ilichanganywa pia na kilevi kidogo. Subili, tangawizi na shibiti vilikuwamo Unguja vikiuzwa kwa pesa chache, bila kizibo.

Ulinganisho huo hauzifanyi dawa zote za Ulaya kuwa ulaghai, na kwinini ndiyo ushahidi mkubwa wa kinyume. Dawa hiyo ilitokana na gome la mti wa sinkona, uliokuwa ukiota katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wanakemia wawili wa Kifaransa, Pelletier na Caventou, waliitenga kutoka katika gome hilo mwaka 1820, na baadaye Waholanzi waliupanda mti huo kwa wingi Java, kisiwa kilichokuja kutawala biashara ya kwinini duniani. Kabla ya hapo homa za pwani, ambazo Waswahili waliziita kwa majina kadhaa, likiwamo mkunguru kwa homa inayompata mgeni asiyezoea mahali, zilikuwa zikitulizwa tu. Mmisionari na msafiri David Livingstone, aliyeanzia Unguja safari yake ya mwisho mwaka 1866, alikuwa amebuni mchanganyiko wake wa kwinini pamoja na dawa za kuharisha, ambao baadaye kampuni ya Burroughs Wellcome iliuza kwa jina lake, na alipopoteza sanduku lake la dawa barani mwezi Januari 1867 aliona kama amehukumiwa kifo. Afya yake haikurudi tena kama zamani. Kwinini ilipowafikia wenye maduka, iliwapa watu wa kawaida kwa mara ya kwanza silaha ya kweli dhidi ya malaria, ingawa uchungu wake, mlio masikioni na kipimo kisichotimia viliwafanya wengi waiache homa inapopungua tu. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, uhaba wa kwinini ulisikika duniani kote, na dawa nyingine za kutengenezwa viwandani zikachukua nafasi yake.

Upande wa giza wa rafu hiyo mpya ulikuwa afyuni. Dawa iliyoitwa chlorodyne, iliyobuniwa na J. Collis Browne, daktari wa jeshi la Uingereza nchini India, kwa ajili ya kipindupindu, ilikuwa mchanganyiko wa afyuni, bangi na klorofomu; ilizuia kuhara na kuondoa maumivu upesi, na kwa sababu hiyo hiyo iliwatia watu katika utegemezi. Wakati huo huo serikali za kikoloni zilikuwa zikiizuia kasumba, yaani afyuni ya kuvuta na kula, hasa baada ya mkataba wa kimataifa uliotiwa saini The Hague mwaka 1912. Kasumba iliyokuwa mkononi mwa mvutaji ilihesabiwa kuwa uovu, na ile iliyokuwa ndani ya chupa yenye jina la daktari ilihesabiwa kuwa tiba. Hukumu hiyo ya watawala ilizingatia umbo la kitu na hali ya mtumiaji kuliko kilichomo ndani.

Mizani na daftari

Uwezo wa duka kuwa hospitali ya maskini ulitegemea jambo moja lisilo la kitabibu, nalo ni kuuza kidogo kidogo. Karafuu na pembe zilipimwa kwa frasila, yaani takriban kilo 16, lakini mtu wa kawaida hakununua kwa frasila wala hata kwa pishi. Alinunua mchele kwa kibaba, ambacho ni robo ya pishi na uzito wake ni kiasi cha ratili moja na nusu, akanunua viungo kwa wakia, ambayo ni takriban gramu 28, na manukato ya thamani kwa tola, isiyozidi gramu 12. Fedha nazo ziligawanyika kwa kumfuata yeye. Rupia, iliyotumika hadi shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake tarehe 1 Januari 1936, ilikuwa na ana 16, na kila ana ilikuwa na pesa 4, kwa hiyo rupia moja ilikuwa pesa 64. Mchukuzi wa bandarini aliyetia pesa mbili juu ya kaunta aliweza kuondoka na habasoda ya kumtosha mgonjwa wake kwa siku moja, iliyofungwa katika kikaratasi, na kesho akarudi. Chupa ya Ulaya haikuweza kufanya hivyo, kwa kuwa ilikuwa haina nusu wala robo, hadi wenye maduka walipoanza kuvunja makasha na kuuza kidonge kimoja kimoja, desturi ambayo madaktari wanailalamikia hadi sasa, pengine bila kutazama mfuko wa mnunuzi.

Palikuwa pia na daftari la mikopo. Mfanyabiashara aliyemkopesha mkulima kitambaa, mchele na dawa kwa ahadi ya karafuu za msimu ujao alimvusha katika miezi ya dhiki, na kwa njia hiyo hiyo alimfunga, kwani bei ya karafuu ilipoporomoka katika miaka ya 1930 wenye mashamba wengi, Waarabu na Waswahili, walijikuta na madeni yaliyozidi thamani ya miti yao. Hatua za serikali za kuzuia mashamba yasihamie kwa wakopeshaji, na mpango wa kuiweka biashara ya karafuu chini ya chama cha wakulima kilichoungwa mkono na serikali, viliifanya jumuiya ya Wahindi igome kununua karafuu mwaka 1937, na mgomo huo ukaungwa mkono India hadi suluhu ilipopatikana mwaka uliofuata. Si haki kumwita mfanyabiashara huyo mfadhili tu, wala si haki kumwita mnyonyaji tu. Daftari lake lilikuwa na kurasa za aina zote mbili, mara nyingi za mtu mmoja.

Zahanati ya Tharia Topan

Uhusiano wa biashara na tiba ulisimamishwa kwa mawe na mbao katika jengo moja linaloelekea bahari. Tharia Topan, Khoja tajiri aliyesimamia ushuru wa forodha na kuwa mshauri wa Sultani, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, katika kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, kwa nia ya kujenga hospitali ya maskini. Alifariki India mwaka 1891 kabla ya kuiona ikikamilika, na jengo lilimalizika mwaka 1894, likiwa na roshani za mbao zilizochongwa kwa namna inayomkumbusha mtazamaji Gujarati. Mwaka 1900 liliingia katika mali ya hisani ya mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed, na ghorofa ya chini ikatumika kuwa zahanati huku za juu zikiwa makazi ya kupangisha. Bara nako, Sewa Haji Paroo, aliyepata utajiri Bagamoyo kwa kuwauzia misafara nguo, shanga na waya, alitoa fedha zilizojenga hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake. Watu hao walikuwa wameuza bidhaa maisha yao yote, na waliona kwamba kutoa dawa bure ni mwendelezo wa kazi ile ile, isipokuwa safari hii mizani iliwekwa kando.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 wafanyabiashara wengi wenye asili ya Kiasia na Kiarabu waliondoka, maduka mengi yakafungwa, na jengo hilo likachakaa hadi lilipokarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan katika miaka ya 1990. Halitoi dawa tena. Upande wa pili wa Mji Mkongwe, katika soko la Darajani lililojengwa mwaka 1904 na katika vichochoro vinavyolizunguka, subili, sanamaki, uwatu, habasoda na mvuje bado vinauzwa kwa vipimo vidogo, na muuzaji anayeijua kazi yake, kabla ya kutia kijiko ndani ya kopo, humuuliza mnunuzi kwanza kama mgonjwa ni mtu mzima au mtoto.